Vifaranga wa Dada Tumaini na Jumatano ya Bei Mpya

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Uyole ananipa pole ya safari huku macho yake yako kwenye kigari cha Baba Gwakisa, kama vile kigari ndicho kitakachojibu. Mama Ombeni, kulikoni? Safari ya siku moja imekuwaje ikalala njiani? Wewe shoga yangu wa saluni ukaniuliza kabisa kama ni kweli tulikamatwa na polisi. Hatukukamatwa. Nimeona niandike mara moja msome wote, maana nikisimulia kwa mdomo nikifika Makambako naishia hapo.

Kwanza mjue nilikuwa nimebeba nini. Dada yangu Tumaini, tuliyezaliwa naye tumbo moja, anaishi Ruaha Mbuyuni na analima vitunguu. Msimu uliopita vitunguu vilimtupa. Malori ya wanunuzi yalikuja machache, na hayo machache yakasema mafuta ni ghali, kwa hiyo bei ya shambani ishuke. Vingine vilimwozea kwenye magunia. Akaapa kuhamia kwenye kuku. Alijenga banda, akanituma nimtafutie vifaranga chotara hapa kwetu kwa yule mzee anayetotolesha karibu na soko, kwa sababu wa kule aliwanunua mara mbili na mara mbili wakaharisha mpaka wakaisha. Maboksi manne, vifaranga mia kila boksi. Alichokuwa nacho chote kilikuwa ndani ya maboksi hayo.

"Neema," aliniambia kwenye simu, "hawa wakifa, mimi narudi kuwa kibarua kwenye mashamba ya watu. Kwa umri huu."

Mnanijua nilivyo. Mimi mtu wa kuamka kuangalia kama nimefunga mlango niliokwisha kuufunga. Ukinipa roho mia nne za kusafirisha, umenipa homa.

Uyole, tulikopuuza

Kwenye basi sikutaka kuwaweka, maana kule chini ya mizigo moshi ungewaua kabla ya Igawa. Nikamwomba jirani yangu Baba Gwakisa, ambaye mnamjua: mtu mkarimu, dereva mzuri, na hakuna jambo duniani asilolijua. Tulikubaliana Jumanne asubuhi, vifaranga wakiwa wametotolewa jana yake.

Sasa Jumanne hiyo ilikuwa Jumanne mbaya. Sote tunajua Jumatano ya kwanza ya mwezi ndipo bei mpya za mafuta zinapotangazwa. Tunajua pia kwamba ikivuma kuwa bei itapanda, siku moja au mbili kabla yake pampu zinaanza kuugua. Dada mwenyewe alinipigia Jumapili: "Mwambie dereva wako ajaze mapema. Mafuta yanapanda Jumatano." Nikampelekea Baba Gwakisa ujumbe ule ule.

"Mama Ombeni," akasema akicheka, "mimi barabara hii nimeanza kuiendesha ikiwa na mashimo ya kuoga ng'ombe. Mafuta najaza Makambako. Pale wananijua kwa jina."

Tangi lilikuwa nusu. Niliuona mshale, nikanyamaza, maana gari si langu na kumsumbua mtu anayekusaidia si adabu. Tukafunga maboksi kwenye kiti cha nyuma, nikayafunika kwa khanga mbili, tukaondoka vifaranga wakipiga kelele gari zima. Pale kwenye sheli ya kwanza foleni ilikuwa imeanza kufika barabarani. Baba Gwakisa alipita akiwapungia mkono waliokuwa kwenye foleni.

Igawa, mafuta ya chupa

Mpaka Igawa tulikuwa tumepita sheli kadhaa zilizofungwa kwa kamba. Mnajua ile kamba ya katani inayofungwa kutoka pampu hii mpaka pampu ile, na mhudumu amekaa kwenye ndoo akichezea simu. Ukiuliza, anatikisa kichwa bila kuinua macho. Kwenye moja nilishuka mwenyewe.

"Mafuta hakuna kabisa, dada?"

"Hakuna mama."

"Yanakuja lini?"

"Kesho."

"Gari linaleta kesho?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku ni giza. "Kesho, mama," akarudia.

Kwenye kizuizi cha polisi askari mmoja alitusimamisha, akazunguka gari akitega sikio. "Mkanda wa injini umekwisha huu," akamwambia Baba Gwakisa. "Sikiliza unavyolia." Baba Gwakisa akaapa kwamba mkanda ni mpya. Askari akasema gari halitoki hapo. Ndipo nikainua khanga. Yule askari alitazama maboksi muda mrefu, akacheka mpaka kofia ikateleza, akatuacha. Ndiko kukamatwa kwenu huko.

Mbele kidogo kulikuwa na jamaa amepanga chupa za maji zenye petroli juu ya kibao, bei yake ikiwa imevuka ya sheli kwa mbali sana. Nilimuuliza haoni aibu.

"Mama, mimi nimenunua kwa bodaboda, naye ananiuzia kwa bei yake. Ukitaka kugomba, mgombeze bodaboda."

Bodaboda alikuwa pale pale, akasema yeye amepewa na dereva wa lori. Dereva wa lori alikuwa ameshaondoka. Tukanunua chupa mbili. Baba Gwakisa alinusa ya pili, akanusa tena, akasema ina harufu ya mafuta ya taa. Lakini tulikuwa tumekwisha kuimimina nusu.

Makambako

Mkiwa hamjafika Makambako mwezi wa sita, mshukuruni Mungu. Upepo wa pale hauzunguki mtu, unapita katikati yake. Tulianza kupanda na nikaona vifaranga wameacha kutawanyika ndani ya boksi. Wamejikusanya kwenye pembe moja, wanalaliana. Mzee wa Uyole alikuwa amenionya: wakisikia baridi wanajazana, na wa chini wanakosa hewa.

"Baba Gwakisa, washa hita."

"Hita inakula mafuta."

"Washa tu."

Akawasha. Mshale ulikuwa umeshuka mpaka pale ambapo mtu anaanza kuongea na Mungu wake. Hivyo ndivyo tulivyoingia Makambako: mimi natazama maboksi, yeye anatazama mshale, na kila mmoja anamwona mwenzake hana akili.

Kwenye sheli yake, ile ya kujulikana kwa jina, kulikuwa na kamba. Na nyuma ya kamba foleni: malori, fuso, bodaboda, trekta moja, na kina mama wawili wenye madumu waliokuwa wakifukuzwa na kurudi. Baba Gwakisa akashuka akiita "Kaka! Kaka!" na hakuna aliyemwitikia. Alirudi akakaa kimya. Hilo peke yake lilinitia hofu.

Tukajipanga kwenye foleni. Akazima gari ili kuokoa kilichobaki, na hita ikafa nalo. Mwanzoni vifaranga walilia kwa nguvu. Baadaye kelele ikaanza kupungua, na niwaambie ukweli, sijawahi kuombea kelele kama nilivyoiombea siku ile. Nilivua sweta nikafunika boksi moja. Nikavua kitenge cha juu nikafunika jingine. Nilibaki natetemeka kama mgonjwa wa malaria huku watu wakinishangaa.

Foleni isiyosogea ni bunge. Wanaume walikusanyika karibu na bodi ya fuso lililokuwa mbele yetu wakaanza kumtafuta mwizi. Dereva wa fuso akasema ni vita huko Uarabuni, meli zinaogopa kupita. Mwingine akasema vita gani, ni dola, dola imepanda na sisi tunanunua kwa dola. Mzee mmoja mwenye koti la suti na kandambili akasema ni kodi: ukitoa kodi zote kwenye lita moja utabaki na kijiko. Baba Gwakisa, ambaye alikuwa amepata nguvu kidogo, akasema ni matajiri wenye matangi Dar, wanajua bei kabla yetu. Jamaa wa bodaboda akasema yeye hataki mambo ya mbali, mwizi ni huyu mwenye kamba. Kila aliyesema aliitikiwa "kweli kabisa," na aliyempinga naye akaitikiwa hivyo hivyo.

"Mnabishana bure," akasema kijana mmoja mwenye koti la ngozi, dalali wa mbao. "Mimi nina sauti ya mtu wa ndani. Bosi wa bandarini, mama mmoja mzito. Alitoa siri hii tangu Jumapili. Imezunguka nchi nzima."

Akaweka simu juu ya bodi ya fuso, tukasogea wote.

"Kamwene wapendwa, Bwana asifiwe," ikasema simu. "Jamani, jamaa yangu wa lori anayetoka Dar ameniambia Jumatano mafuta yanapanda, na yanapanda kweli kweli. Wenye pampu za maji, jazeni leo. Wekeni na akiba kwenye madumu. Msije mkasema sikuwaambia. Na aliyeazima sufuria yangu kubwa ile ya mkono mmoja airudishe, nina shughuli nayo."

Sauti ile niliijua. Ile sufuria ya mkono mmoja ni ya mama yetu. Nilikuwepo siku mkono wa pili ulipokatika.

"Umesikia hapo mwisho?" akasema dalali wa mbao kwa sauti ya chini. "Sufuria kubwa. Hilo ni neno lao la siri. Anamaanisha matangi."

"Kweli kabisa," akasema mzee wa kandambili. "Ya mkono mmoja. Yaani bomba moja tu ndilo linalofanya kazi."

Wakaichambua sufuria ya mama yangu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa gari. Dada Tumaini hajawahi kuiona bandari. Ile sauti aliirekodi kwa ajili ya kundi la akina mama wa kwaya, ambao wengi wao wanamwagilia vitunguu kwa pampu za petroli. Aliwaonea huruma. Na bila shaka mmoja wao akamtumia mumewe, mume akamtumia shemeji yake Ilula, na kufika Jumanne dada yangu alikuwa mama mzito wa bandarini, na watu kutoka Ruaha mpaka Makambako walikuwa wamejaza madumu.

Baba Gwakisa alinitazama. Anaijua sauti ya Dada, alishapita kwake. Nikamkazia macho. Akafunga mdomo, na kwa mtu kama yeye hiyo ni sadaka kubwa.

Nilivuka kamba nikaenda ofisini kwa msimamizi wa sheli. Alikuwa mwanamume mpole tu, amevaa jaketi nene, anakunywa chai.

"Kaka yangu, naomba kidogo tu. Nina viumbe wananifia ndani ya gari."

Akaniambia nikae. Nikakataa kukaa.

"Mama, nikueleze. Jumapili na jana walikuja hapa na madumu, na mapipa, mpaka mwenye jenereta la harusi. Mafuta ya wiki yakaenda kwa siku mbili. Nikiuza kilichobaki kwa bei ya leo, kesho tajiri wangu atanunua mzigo mwingine kwa pesa gani?"

"Kwa hiyo yapo."

Akatazama viatu vyake. "Sijasema yapo."

"Umesema kilichobaki."

"Mama, mimi ni mwajiriwa. Nimeambiwa funga, nimefunga." Akanisogezea kikombe cha chai, na cha ajabu nilikinywa. Nilikuwa nasikia baridi na hasira yangu haikuwa na pa kukaa, maana nusu ya aliyoyasema ilikuwa sauti ya dada yangu.

Niliporudi kwenye gari nilifunua boksi la pembeni. Waliokuwa juu wanapumua. Nikaingiza vidole chini yao nikagusa walio baridi, wamelala bapa. Nikalia pale pale, mbele ya fuso na watu wote.

Aliyenisikia ni mama mmoja aliyekuwa anauza makande ng'ambo ya barabara. Watu wanamwita Mama Tulizo. Alivuka na mwiko mkononi, akachungulia ndani, akasema, "Hawa wanalia baridi, nawe unalia nao! Leteni jikoni." Hakuuliza sisi ni nani. Alimpa Baba Gwakisa boksi moja kama anayempa mtoto wake kazi.

Jikoni kwake alichukua chungu kikuukuu chenye matobo, akatia mkaa uliokolea, akakisimamisha katikati ya sakafu na kukizungushia maranda ya mbao. Vifaranga tukawamwaga pembeni. Kwa muda hawakujua la kufanya. Halafu mmoja akasogea, wengine wakamfuata, wakakaa duara kukizunguka kile chungu kama wakuu wa ukoo kwenye kikao. Kelele ikarudi. Mama Tulizo akatupakulia makande ya moto, akanilazimisha niongeze.

"Mkaa nao umepanda," akaniambia akichochea. "Aliyeuleta anasema lori lake linakunywa mafuta. Kesho na mimi napandisha makande, na wewe ukipita utasema Mama Tulizo mwizi."

"Siwezi kusema hivyo."

"Utasema. Hata mimi nitasema."

Tulilala pale pale jikoni, Baba Gwakisa akiwa amekaa kwenye gunia la mahindi. Dirisha la jiko hilo linatazama sheli moja kwa moja. Sikulala vizuri, kwa hiyo nashuhudia mbele yenu: hakuna gari la mafuta lililoingia. Hata moja. Kulipokucha mhudumu alifungua kamba, akapanda ngazi akabadilisha namba kwenye ubao, na pampu ikaanza kutoa mafuta kama chemchemi. Yule msimamizi aliniona nikija, akaniamkia kwa furaha ya kweli.

"Karibu mama yangu, mafuta yapo!"

Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha. Badala yake nikatoa pesa, nikalipa kwa bei mpya. Watu kwenye foleni walikuwa wanacheka na kusukumana, wanaulizana bei huku wanalipa, na ule moto wa jana wa kumtafuta mwizi ulikuwa umezimika kabisa. Mzee wa kandambili alinunua lita mbili, akaniaga kwa heshima.

Mama Tulizo alikataa kulipwa malazi. Nilimwachia kitenge changu. Baba Gwakisa akamwambia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, mara tatu, na yeye akamjibu kwa Kibena, wakaelewana.

Mafinga na Ipogolo

Chupa ya Igawa ilitudai Mafinga. Gari lilianza kukohoa, likaruka mara mbili, likazima karibu na mashine za mbao. Fundi alifungua akatoa chujio, akanusa, akatuuliza nani katia mafuta ya taa kwenye gari la petroli. Baba Gwakisa akasema ni mimi. Nikasema ni yeye. Fundi akasema haimhusu.

Tuliwaweka vifaranga juani, kando ya rundo la maranda, kukiwa na upepo mwembamba. Ndipo Baba Gwakisa alipozungumza bila kunitazama. "Ningejaza Uyole, mama. Dada yako alisema ukweli."

"Waliomsikiliza ndio waliokausha sheli," nikamjibu. "Na sisi tusiomsikiliza ndio tumekwama."

"Sasa kosa la nani?"

Nilikuwa nimelitafuna swali hilo tangu jana. Dada hakupandisha bei, ingepanda tu hata angekuwa bubu. Hakufunga kamba. Na yule wa chai, kama angeuza yote kwa bei ya jana, kesho yake si angekuwa na kisima kitupu? Lakini vifaranga wa chini ya boksi hawakufa kwa dola wala kwa meli. Walikufa kwa kusimama kwenye foleni Jumanne, na foleni ile ilianzia mahali.

Ipogolo tulisimama tule. Nilikunywa supu bila kuisikia ladha. Mama mmoja mwenye matenga ya nyanya alikuwa anagombana na kondakta kuhusu nauli ya mzigo, na kondakta anapaza sauti, "Mafuta, mama! Mafuta! Sio mimi!" Nililisikia neno hilo kwenye safari hii mpaka likakosa maana.

Kitonga, mpaka mlangoni kwa Dada

Mjue Mungu naye ana utani. Siku nzima tumepigania joto, tukaanza kushuka Kitonga nyuma ya malori yanayonyata, na kila kona hewa inazidi kuwa nzito. Tulipofika chini tulikuwa kwenye tanuri. Sasa vifaranga wamefungua midomo, mabawa yamelegea, wanahema. Nikafungua madirisha yote, nikalowesha khanga kwa maji ya kunywa, nikaitandaza juu ya maboksi na kuiinua na kuishusha kama mtu anayepepea jiko. Mkono uliniuma mpaka begani. Baba Gwakisa aliendesha kwa makini, hakusema neno hata moja kuhusu siasa.

Dada Tumaini alikuwa amesimama barabarani. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Alikumbatia boksi kabla hajanikumbatia mimi.

Banda lilikuwa limefagiwa, maji yamewekwa dawa, chakula kimemwagwa kwenye visahani. Akawatoa mmoja mmoja, akichovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji ili ajue pa kunywa. Waliokufa aliwaweka kwenye ungo. Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa nikisikiliza, na kila alipokaa kimya nilijua mwingine amekwenda kwenye ungo. Walijaa ungo, wakamwagika. Wangeweza kujaza boksi zima na zaidi.

"Waliobaki ni wengi kuliko hao," nikasema.

"Najua." Alifuta mikono kwenye gauni. "Hawa waliobaki wakiishi, sitakwenda kibarua. Wakiishi wote. Sina tena wa kupoteza."

Baba Gwakisa akaanza kumweleza: kamba, foleni, baridi, mafuta yaliyokuwepo siku zote. Hakuitaja ile sauti. Dada alisikiliza akiwa ameshika kifaranga mfu kiganjani, na nikaona uso wake unabadilika. Nikaujua uso huo. Mama yetu alikuwa nao. Kwetu, dada mkubwa akilaani ameshika kilichomfia mkononi, hatanii, na hakuna mtu wa ukoo anayelichukulia jambo hilo kirahisi, hata awe mzee wa kanisa.

"Aliyesababisha watu wakose mafuta," akaanza, akiinua mkono ule, "popote alipo, na yeye vyake..."

"Dada, usimlaani!"

Nilipaza sauti mpaka vifaranga wakatawanyika. Alinigeukia, mkono bado uko juu.

"Kwa nini nisimlaani? Unamjua?"

Baba Gwakisa alikuwa anatazama ukuta.

"Namjua," nikasema. "Hakukusudia."

Nafikiri alidhani namsemea yule msimamizi wa chai. Akashusha mkono, akamlaza kifaranga kwenye ungo pamoja na wenzake, akasema, "Basi Mungu amsamehe." Nikasema amina kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuisema kanisani.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunaaga. Waliobaki walikuwa wanakula, wanakimbizana. Dada akatuambia tusubiri, akaingia nyuma ya mlango wa jiko, akatoka akiwa ameinama upande mmoja kwa uzito wa dumu la njano.

"Hili ni lenu la kurudia," akasema. "Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda nikapanga foleni na wenzangu. Wao walikuwa wanajaza ya pampu zao. Mimi nikasema, Neema anakuja na gari la watu, wasije wakahangaika kurudi."

Sikuweza kumshukuru. Nilimshika tu shingoni, nikanusa petroli kwenye gauni lake. Baba Gwakisa alichukua dumu, akamimina taratibu bila kumwaga hata tone, na nikashika faneli kwa mikono miwili. Mafuta yale, na tuliyokuwa tumebakiwa nayo tangini, yalitufikisha mpaka nyumbani bila kusimama kwenye foleni popote.

Dada ananipigia kila asubuhi kunipa habari za vifaranga. Mpaka jana walikuwa hawajafa wengine. Sikumwambia na sitamwambia, na ninyi mliosoma mpaka hapa naomba midomo yenu ifungwe, hasa mlio kwenye makundi. Dumu lake tulirudi nalo tupu, liko hapa barazani kwangu, la njano, mfuniko umefungwa kwa nailoni. Nimewaomba wawili watatu wenye magari wanaopita Ruaha Mbuyuni wanisaidie kumpelekea, na kila mmoja ameniuliza lirudi tupu au lijae. Bado sijawajibu.